Kiraka cha Paja la Mjomba

3 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikufikie ukiwa angalau umeanza kuketi. Mimi mzima, ila baridi ya huku inanitafuna masikio. Mwenzangu wa chumba amehama, kwa hiyo siku hizi mazungumzo yangu ni mimi na birika. Nisalimie mkaza mjomba, mwambie lile sweta alilonifumia bado nalivaa, hata kama mkono mmoja umekuwa mrefu kuliko mwenzake.

Yeye ndiye aliyenipigia simu. Alilia zaidi kuliko alivyosema, kwa hiyo nilichoambulia ni hiki: lori lililokuwa linaleta mali duka la jirani lilikosa breki, likaingia barazani kwako, na bati la mlango likakuchana paja la kulia mpaka nyama ya mbele ikaondoka. Nilimwomba akupe simu, akaniuliza, "Umesahau masikio yake?" Sikusahau. Nilitaka tu kukusikia ukisema "Nani? Nani?" kama kawaida yako. Basi tutaandikiana, kama nilipokuwa shule ya bweni, wewe ukinijibu nyuma ya kalenda za mwaka uliopita, maana kwako karatasi haijaisha mpaka iandikwe pande zote mbili.

Sasa nisikilize, Mjomba. Kazi ninayoifanya hapa, ile ambayo kila ukiniuliza nakwambia "ni mambo ya maabara tu", ni kutengeneza kiraka cha msuli. Msuli ukichanika kidogo hujiponya wenyewe. Ukiondoka kipande kikubwa, mwili haujui kuujenga upya. Unajaza shimo kwa kovu, na kovu halivuti wala halisukumi. Sisi tunachukua nyama ya mnyama, tunaiosha kwa sabuni maalumu siku nne mpaka inakuwa nyeupe, kila kilichokuwa hai kimetoka, kimebaki kiunzi. Tunakisaga, tunakigandisha, tunakikausha, tunapata sifongo. Sifongo hiyo ikiwekwa kwenye shimo, msuli wa mwenyewe unapata pa kushika, unaingia kidogo kidogo, na sifongo inayeyuka taratibu.

Ulinichukua mama alipofariki, nikiwa na miaka sita. Nimekulia chini ya meza yako ya kukatia, nikiiba mkasi mpaka ukanipa jina la Mikasi. Haiwezekani nikae na kitu hiki mkononi halafu wewe ubaki kuchechemea. Nakuomba jambo moja tu: usikubali mtu yeyote akukate tena mpaka nikuandikie mimi.

Wako,
Mikasi


10 Machi

Mwanangu Mikasi,

Marahaba. Barua yako imefika jana, imechakaa kama imetembea kwa miguu. Sisi hatujambo, ila hiyo "hatujambo" ipokee kwa kipimo cha mtu aliye wodini. Mkaza mjomba wako yupo, analala kwenye kiti pembeni yangu na asubuhi anamlaumu kila mtu kwa shingo yake. Dereva wa lori alikuja kuniomba radhi. Alilia mpaka ikabidi mimi mgonjwa nimbembeleze, na mkaza mjomba wako akasema nimezidi upole, ningemtandika angalau kwa mto.

Umetaka kujua jeraha. Kilichoondoka ni kama kola mbili za shati zimelazwa pamoja, unene wake kidole gumba. Mfupa mzima. Walitoa ngozi kwenye paja la kushoto wakanifunikia, nyembamba kama bitana. Goti nalikunja bila shida. Kulinyoosha ndiyo siwezi. Mguu unaning'inia tu. Wiki iliyopita walinipa ruhusa ya siku moja nikapitia dukani. Nikakaa kwenye cherehani, nikaweka mguu kwenye pedeli. Ukashuka, haukurudi. Miaka thelathini na minne mguu ule umekanyaga bila kuambiwa, na siku ile niliuambia, niliuomba, nikautukana. Wapi.

Barua yako nimeisoma mara nne. Ya sabuni na kugandisha sikuyashika yote, lakini kiraka nimekielewa, hiyo ni kazi yetu. Hapa kuna wageni wanatarajiwa mwezi ujao, madaktari wa upasuaji, huja mara moja kwa mwaka na kukaa siku kumi. Wodi nzima inawaimba. Nimewaambia, nyinyi ngojeni wageni, mimi nina fundi wangu. Wakacheka mpaka muuguzi akaja kuona nani amezidiwa.

Subira yavuta heri. Usijisumbue kuharakisha, wewe pima vizuri. Unakumbuka sheria ya duka: usimpime mtu suruali mpaka avue viatu.

Samahani kwa mistari ya chaki upande wa pili. Ni mchoro wa mkono wa shati la mwalimu mmoja, amekwisha kulipeleka kwa fundi mwingine.

Mjomba wako


17 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako niliisomea kwenye foleni ya posta, nikacheka peke yangu mpaka mama mmoja akasogeza mkoba wake. Mkono wa shati la mwalimu nimeubandika ukutani juu ya kitanda. Mzima kabisa, ila mwenye nyumba ametuzimia maji ya moto tena, anadai bomba, na bomba lenyewe halijamwona fundi. Mkaza mjomba apate godoro dogo, asilale kwenye kiti, umri haumruhusu. Usimwambie nimetaja umri.

Nilimsomea mkuu wetu wa maabara maneno yako, "mimi nina fundi wangu". Akatabasamu. Kwake yeye hicho ni kicheko cha mwaka.

Kazi inaendelea. Tuna panya ishirini na wanne waliowekewa sifongo wiki nane zilizopita, na tumeanza kuwafungua kuangalia. Shimo limejaa, Mjomba. Tulipofungua tulikuta shimo limejaa vizuri. Yapo ya kurekebisha hapa na pale, hakuna kazi isiyokosa marekebisho, lakini usiwe na wasiwasi.

Ukilala, weka mto chini ya kisigino, si chini ya goti. Goti lisije likazoea kukunjwa.

Wako,
Mikasi


22 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Tuko nyumbani sasa. Mkaza mjomba wako amenitandikia sebuleni ili nisipande ngazi, kwa hiyo kila anayekuja kuomba chumvi ananikuta nimelala kama zulia. Nimekuwa mtu wa kusikiliza umbea, ila kwa masikio haya nusu yake naimalizia mwenyewe. Binti wa jirani ameolewa, au ameibiwa, sikupata vizuri.

Wale wageni walikuja na wameondoka.

Ngozi ya paja imefunguka sehemu moja, udogo wa kifungo cha shati. Inatoa majimaji. Mkaza mjomba wako anaisafisha asubuhi na jioni. Si kitu.

Sasa nina ugomvi na nyinyi huko maabara. Uliandika kwamba nyama mnaisaga. Mnaisaga? Mikasi, nguo ukiisaga inarudi kuwa pamba. Mimi msuli nimeuona kwa macho yangu siku ile kabla sijazimia: una nyuzi, na nyuzi zote zinaelekea upande mmoja, zinatoka nyongani zinateremka gotini, kama mtande, zile nyuzi za urefu wa kitambaa. Ukishona kiraka bila kuangalia uzi wa nguo umelala vipi, nguo itavuta huku, kiraka kitavuta kule, na kufikia kufua mara ya pili pamekuwa na uvimbe tu. Hili ulilijua ukiwa na miaka minane. Ulimkaripia mteja wangu, mtu mzima na ndevu zake, kwa sababu alitaka kiraka cha mshazari. Leo una vyeti ukuta mzima, umelisahau?

Usikasirike. Nalala sana, na mtu akilala sana anakuwa msumbufu.

Nauliza tu, na wala sina haraka: ni lini?

Mjomba wako


5 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Hujambo? Mkaza mjomba hajambo? Mimi nipo. Binti wa jirani ameolewa, nimeuliza.

Barua yako niliipokea asubuhi, na kufikia saa nne nilikuwa nimesimama mbele ya mkuu wa maabara nikimsomea maneno yako kuhusu nyuzi. Akaomba nirudie. Watu wengine duniani wamekwisha kulifikiria, alisema, lakini sisi tulilipuuza kwa sababu kusaga ni rahisi. Siku iliyofuata tulianza upya. Sasa tunaweka ule uji wa nyama iliyosagwa kwenye sahani ya shaba yenye baridi kali chini yake tu, barafu inaota kutoka chini kwenda juu, imesimama mistari mistari, na tukiikausha sifongo inabaki na vijia vilivyolala upande mmoja. Nimeishika mkononi. Ukiivuta kwa urefu inakaza, ukiivuta kwa upana inaachia. Ungeijua hata umefumba macho.

Mjomba, wale wageni walikuja kufanya nini? Walikuona? Walikwambiaje? Nimempigia mkaza mjomba mara tatu. Mara ya kwanza alisema huko kuna mvua. Mara ya pili alisema kuna jua. Ya tatu akasema kuna kitu kinaungua jikoni, akakata, na mimi nasikia kabisa kwamba yuko nje barabarani.

Na kile kifungo? Kikoje sasa? Nenda hospitali, usingoje kiwe sahani. Nijibu haya mawili, mengine acha.

Wako,
Mikasi


20 Agosti

Mwanangu Mikasi,

Marahaba. Mwandiko umelala kwa sababu na mimi nimelala. Sote hatujambo. Mkaza mjomba wako anakusalimu, anasema mvua imekatika.

Cherehani nimempa yule fundi wa kike wa mtaa wa nyuma, alikuja kuichukua na mkokoteni. Yake ilikuwa inaruka mishono. Nilimwonyesha pale pedeli ilipolika kwa kisigino changu, nikamwambia aweke wake palepale, itamzoea. Duka limefungwa, nimebakiza mkasi mkubwa, ule wako.

Wageni walikuwa watu wema. Walizunguka wodini, wakaangalia hiki na kile, wakaenda zao.

Kile kifungo hakipo tena, usiwe na shaka nacho.

Nimefurahi kuhusu sifongo. Nimemweleza kila anayekuja kuomba chumvi.

Mjomba wako


28 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Safari hii sina habari za nyumba wala za maji ya moto. Nimeiandika barua hii mara tatu nikaichana, na hii ya nne naipeleka posta kabla sijaisoma tena.

Hospitali iliyo pembeni ya maabara yetu ina daktari bingwa wa upasuaji, mama mmoja asiye na maneno mengi. Nilimweleza jeraha lako kama ulivyonieleza, kola mbili, kidole gumba, goti halinyooki. Nikamwambia kuhusu wageni wa siku kumi. Akaniambia walichokuja kufanya bila hata kufikiri: wanachukua msuli mpana wa mgongoni, wanautoa pamoja na mshipa wake wa damu na wa fahamu, wanaushona pajani. Mtu hawi kama zamani, lakini anasimama, anapanda ngazi. Nilimuuliza kuhusu pedeli ya cherehani. Akasema, "Kwa nini isiwezekane?" Akasema pia kwamba hufanywa mapema, maana ule mshipa wa fahamu uliobaki pajani ukikaa miezi bila kazi unakufa. Na kwamba nyama nzima inayowekwa pale ndiyo inayolinda ngozi isifunguke na uchafu usifike kwenye mfupa.

Sasa sikiliza niliyokuficha.

Niliandika "shimo limejaa". Lilijaa kovu, Mjomba. Panya wote ishirini na wanne, kovu tupu, jeupe, gumu. Niliwafungua tarehe kumi na nne Aprili, nikaenda nikakaa chooni nusu saa, na siku tatu baadaye nikakuandikia kwamba usiwe na wasiwasi. Sikutaka wodi yako ikucheke.

La pili ni baya zaidi. Sifongo yetu haijawahi kuwekwa kwa binadamu hata mmoja. Kabla haijaruhusiwa itapita miaka, pengine kumi, pengine isiruhusiwe kabisa. Na inawekwa kwenye jeraha bichi, si kwenye shimo lililokwisha kuota kovu. Hata ingefanya kazi vizuri kiasi gani, wewe isingekusaidia. Niliyajua yote hayo tarehe tatu Februari. Niliyajua nikiandika. Nilikuwa na hofu na nilitaka niwe mimi wa kukuponya, ndiyo nikaandika ule mstari wa mwisho wa kukuzuia usikatwe.

Na la tatu. Barua yako yenye habari za wageni ilinifikia tarehe tisa Aprili. Mama daktari amenitafutia tarehe zao, nimehesabu, bado walikuwa hapo, walikuwa na siku sita mbele yao. Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Niliposoma "mimi nina fundi wangu" nilijisikia vizuri mno, sikuuliza wageni ni wa nini. Ningempigia mkaza mjomba nikamwambia maneno mawili, mwambie akubali. Badala yake nilimsomea mkuu wangu maneno yako ili na yeye anione.

Nakuomba, chochote wanachokupa sasa hospitali, kikubali. Usiningoje. Na niambie ukweli: uliwakatalia kwa sababu yangu?

Mikasi


3 Novemba

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Acha kwanza nikusalimu vizuri kama watu, maana barua yako ilikuwa na neno moja la salamu, kilichobaki ni kilio. Sisi tupo. Mkaza mjomba wako ameanza kufuma sweta lingine, ameapa safari hii mikono itakuwa sawa. Sasa hivi ametoka, ndiyo nikachukua karatasi iliyokuwa karibu, kabati liko mbali siku hizi.

Mguu walikata tarehe kumi na moja Agosti, juu ya goti. Uchafu ulikuwa umefika kwenye mfupa, kama alivyokwambia huyo mama daktari. Nilipokuandikia tarehe ishirini nilikuwa bado wodini. Nilimkataza mkaza mjomba wako asikuambie, na kwa yale ya mvua na jua, nimemkaripia, hajui kudanganya hata kidogo. Kidonda kinapona. Mguu usiokuwepo unaniuma kwenye vidole, hasa asubuhi. Kuna wakati nasahau, nataka kushuka kitandani, nauweka chini. Nimeanguka mara mbili. Ya pili nilikaa sakafuni mpaka mkaza mjomba wako aliporudi sokoni, na sikutaka kumwita jirani. Nililia, Mikasi. Sikulia siku ya lori, nikalia siku ile, pale sakafuni, kwa sababu niliona chini ya kitanda kiatu cha kulia, kimepigwa rangi, kinangoja. Sheria ya duka inasema mtu avue viatu ndipo apimwe. Mimi sasa nimebakiwa na kimoja cha kuvua.

Umeniuliza swali, nakujibu. Wewe huhusiki. Nisikilize vizuri, maana nakujua, utajibebesha mzigo usio wako. Niliogopa. Walikuja, wakanieleza kuhusu mgongo na paja, nikajiona nimelala pale nakatwa huku na huku kama jora, nikaogopa kisu. Mwanamume mzima. Niliwaambia sitaki, basi, hawakuuliza zaidi. Barua yako hata sikuwaonyesha, ilikuwa chini ya mto. Kwa hiyo usije ukasema ni wewe. Mwoga ni mimi, na mwoga huenda kwao salama, ila mara moja moja huacha mguu njiani.

Zile nyuzi za kwenye sifongo zimeendaje? Hilo ndilo nataka kulisikia.

Mjomba wako


12 Desemba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Shikamoo na kwa mkaza mjomba. Mimi ni mzima wa mwili.

Umeuliza nyuzi zimeendaje, naanza na hilo kwa sababu wewe ndiye uliyelianzisha. Tuliwafungua panya wapya mwezi uliopita. Kwa wengi wao ni kovu tena, lakini pembeni mwa shimo, msuli mpya umeingia kwenye vile vijia, umelala upande ule ule wa nyuzi zilizokuwepo. Si mwingi. Panya wa kumi na saba alisukuma kwa robo ya nguvu ya mguu mzima, wale wa sifongo ya zamani hawakusukuma kabisa. Mkuu wa maabara aliniita nitazame kwenye hadubini, nikatazama. Aliniambia, "Fundi wako alikuwa sahihi." Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilivua koti la maabara, nikatoka, nikatembea mpaka miguu ikakataa, kisha nikaona aibu kwamba ninayo ya kukataa.

Sasa hili la pili.

Mjomba, barua yako niliisoma nimesimama dirishani, na karatasi ilikuwa nyembamba, mwanga ukapita. Nikaona kuna maandishi nyuma. Nikadhani ni chaki, ni kola ya mtu. Nikaigeuza.

Wewe hujawahi kutupa karatasi maishani mwako. Naamini hukuangalia, kabati lilikuwa mbali. Nayaandika hapa yote ili ujue kwamba nimeyasoma, tusije tukazungukana tena.

Juu pamechapwa: Fomu ya Kukataa Upasuaji, Nakala ya Mgonjwa. Chini yake: Mimi mgonjwa nimeelezwa faida za upasuaji niliopendekezewa na madhara ya kutoufanya. Upasuaji: kuhamisha msuli wa mgongo kwenda paja la kulia. Tarehe kumi na moja Aprili. Halafu, Sababu ya kukataa, na mwandiko ni wako, ule wa kuandikia vipimo vya wateja, herufi zimesimama wima: "Mpwa wangu ni mtaalamu wa misuli. Ameniandikia nisikatwe mpaka aseme yeye. Nangoja barua yake." Na saini.

Chini ya saini kuna mwandiko wa mtu mwingine, wa haraka: "Mgonjwa ametuonyesha barua. Ameelezwa mara tatu, siku tatu mbalimbali. Tumemwomba ampigie mpwa wake simu, amesema yuko kazini, asisumbuliwe. Nafasi yake amepewa mwingine."

Tarehe kumi na moja nilikuwa na barua yako mkononi tangu juzi yake. Sikuwa kazini. Ilikuwa siku ya mapumziko, niko chumbani, naongea na birika.

Nimejaribu kukaa na lile jibu lako la kuogopa kisu. Nililitaka. Kwa dakika nzima, kabla sijageuza, nilikuwa mtu mwenye mjomba mwoga, na nikashukuru, Mungu anisamehe. Sitakuomba msamaha kwenye barua hii, kwa sababu ninajua utanipa kabla sijamaliza sentensi, na utanipa kwa kujisingizia jambo jingine. Nauli ya kuja ninayo, ruhusa nimepewa, na begi liko mlangoni wiki ya pili sasa. Sijui nitakutazama kwa macho gani. Sijui nikifika nitakaa wapi. Ile nafasi yangu ilikuwa chini ya meza.

Fomu nimeitoa kwenye bahasha, nimeibandika ukutani karibu na mkono wa shati la mwalimu. Mwanzoni niliigeuza upande wa barua yako uonekane. Leo asubuhi nimeigeuza tena.

Nisalimie mkaza mjomba. Mwambie asijali mikono ya sweta.

Ukiniandikia tena, Mjomba, andika kwenye karatasi yoyote iliyo karibu. Nitasoma pande zote mbili.

Mikasi